Slim: neno lililotoka kombo likafika kwenye urembo

Miongoni mwa sifa zinazotumiwa na Kiingereza kueleza wembamba wa mwili, "slim" ndiyo inayofahamika zaidi kwa wasemaji wa Kiswahili, kwa kuwa hukutana nayo kwenye lebo za suruali, kwenye maboksi ya chai ya kupunguza mwili, katika matangazo ya simu na katika mazungumzo ya vijana wa mijini. Wengi huichukua kuwa sifa njema isiyo na historia, yenye maana ya umbo lililokaa vizuri lisilo na nyama za ziada. Historia ya neno hilo, hata hivyo, ni ndefu na imejaa mikasa, kwa sababu lilizaliwa likiwa na maana ya kitu kilichopinda, likakataliwa na mtunga kamusi mashuhuri wa Uingereza, likawa sifa ya ujanja kule Afrika Kusini, likapandishwa cheo na biashara ya urembo katika karne ya 20 na, katika miaka ya 1980, likageuka kuwa jina la maradhi yaliyotisha watu kandokando ya Ziwa Victoria. Mikasa hiyo inathibitisha kwamba sifa ya wembamba haipimi nyama peke yake, bali hubeba hukumu ya jamii inayoitumia, na hukumu hiyo hufuata kile ambacho jamii inakitamani au inakiogopa kwa wakati wake.

Chimbuko lake

Etimolojia, yaani tawi la isimu linalochunguza chimbuko la maneno na mabadiliko ya maana zake, huliweka neno "slim" katika jamii ya lugha za Kijerumaniki, ambayo ndani yake mna Kiingereza, Kiholanzi, Kijerumani na lugha kadhaa za Skandinavia. Kwa kulinganisha lugha hizo, wanaisimu wamekisia mzizi wa kale wanaouandika "slimbaz", ambao haukuachwa katika maandishi yoyote bali umeundwa upya kutokana na maneno yaliyotokana nao, na wameupa maana ya kitu kilicholala mshazari au kilichokwenda upande. Katika Kiholanzi cha Kati, yaani Kiholanzi kilichotumika takriban kati ya mwaka 1150 na 1500, neno "slim" lilikuwa na maana ya kilichopinda na pia kibaya. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu ili aelewe jinsi upindaji ulivyozaa ubaya, kwani naye husema mambo yamekwenda kombo pale yanapoharibika, na humsifu mtu mwaminifu kwa kumwita mnyoofu.

Kutoka hapo kila lugha ilishika njia yake. Kijerumani kilibaki na ubaya, na hadi leo neno "schlimm" ni sifa ya jambo baya au zito, kama vile jeraha, ajali au kosa. Kiholanzi kilitoka kwenye ubaya kikaingia kwenye ujanja, kisha ujanja huo ukatakasika polepole ukawa akili, hivyo kwamba mzazi wa Amsterdam anayesema kuwa mwanawe ni "slim" anamsifu kwa werevu na wala hazungumzii kiuno chake. Kiingereza nacho kililielekeza neno upande wa uchache, ambapo kitu kibaya kilikuja kuwa kitu hafifu, na kitu hafifu kikawa chembamba. Ushahidi wa hatua hiyo ya katikati ungalipo, kwa kuwa Mwingereza anapoueleza uwezekano, ushahidi au kisingizio kwa neno "slim", hasifu chochote, bali anasema kwamba jambo hilo ni dogo mno kuweza kutegemewa.

Neno hilo linaonekana katika maandishi ya Kiingereza kuanzia katikati ya karne ya 17, wakati ambapo Waingereza na Waholanzi walikuwa washindani wakubwa wa biashara ya baharini, wakipigana vita 3 kati ya mwaka 1652 na 1674 na huku wakiendelea kuuziana bidhaa na kuajiriana mabaharia. Mchanganyiko huo wa uhasama na ujirani uliingiza katika Kiingereza maneno mengi ya Kiholanzi, hasa ya mambo ya meli, na baadaye walowezi wa Kiholanzi waliokaa mahali ambapo sasa pana jiji la New York waliwaachia Wamarekani neno "baas", lenye maana ya mkuu wa kazi, ambalo lilifika Afrika Mashariki kupitia Kiingereza na kuwa "bosi". Kwa hiyo mfanyakazi wa Dar es Salaam anayelalamika kwamba bosi wake amemnunulia sare ya "slim" ametumia, bila kujua, maneno mawili yenye asili ya Uholanzi katika sentensi moja.

Kuingia kwenye lugha si sawa na kuheshimiwa ndani yake. Samuel Johnson, aliyechapisha mjini London mwaka 1755 kamusi iliyotawala Kiingereza kwa zaidi ya karne moja, aliliorodhesha neno hilo na kulipa maana ya wembamba wa umbo, lakini akaongeza onyo kwamba lilionekana kuwa la misimu, yaani lugha ya mitaani isiyo rasmi, na kwa sababu hiyo halikufaa kutumiwa. Onyo hilo halikusikilizwa na watu, ila linabainisha kwamba hata baada ya takriban miaka 100 ya matumizi neno lilikuwa bado halijapata hadhi, na kwamba mwandishi makini wa wakati huo angechagua neno jingine.

Maneno mengine hayakukosekana, na kila moja lina mzani wake wa hukumu. Neno "thin", ambalo ni la kale sana, linatokana na mzizi wenye maana ya kunyoosha na kwa kawaida haliegemei upande wowote, kwa maana linaweza kusemwa kuhusu karatasi, supu au mtu. "Slender", lililotumiwa na Geoffrey Chaucer katika karne ya 14, limekaa karibu na upole na madaha. "Lean" hutumika kwa nyama isiyo na mafuta na kwa mwili wa mwanariadha. "Skinny" limetokana na neno la ngozi, nalo linamwonyesha mtu ambaye mifupa yake imefunikwa na ngozi tu, ilhali "gaunt" hutumika kwa uso uliobonyea kwa njaa, uzee au maradhi. Mtu mmoja mwenye uzito uleule anaweza kuitwa kwa maneno hayo yote, na atakayesikiliza atajua zaidi kuhusu moyo wa msemaji kuliko kuhusu mwili wa anayesemwa. Kiswahili nacho hutenganisha vivyo hivyo, kwani mwembamba ni maelezo tu, aliyekonda amepungukiwa na kitu alichokuwa nacho, na anayeitwa kimbaumbau au ng'onda amekwisha kudhihakiwa.

Ujanja wa Jenerali Smuts

Maana ya Kiholanzi haikuishia Ulaya. Kiafrikana, lugha iliyokua kutokana na Kiholanzi cha walowezi waliofika Rasi ya Tumaini Jema kuanzia mwaka 1652, kililihifadhi neno "slim" kwa maana ya mwerevu, na mara nyingi kwa maana ya mwerevu asiyeaminika. Mtu aliyelibeba neno hilo kama jina la utani ni Jan Smuts, mwanasheria aliyesoma Cambridge, aliyepigana upande wa Makaburu dhidi ya Uingereza katika vita vya 1899 hadi 1902, kisha akaja kuwa mshirika mkubwa wa Uingereza hiyohiyo na waziri mkuu wa Afrika Kusini kwa vipindi viwili. Wenzake Makaburu walimwita "Slim Jannie", jina lililokuwa na sifa na shutuma kwa pamoja, kwani waliomwona kuwa na akili nyingi walimshuku pia kwa kuwageukia Waingereza.

Smuts si mgeni katika historia ya Afrika Mashariki. Mwezi Februari 1916 alikabidhiwa uongozi wa majeshi ya Dola ya Uingereza yaliyopigana na Wajerumani katika koloni lao ambalo leo ndilo sehemu kubwa ya Tanzania, na mwezi uliofuata majeshi yake yaliingia Moshi. Hata hivyo, alipoondoka Januari 1917 alikuwa bado hajamnasa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani aliyeendelea kukwepa hadi Novemba 1918. Msomaji wa Kiingereza anayekutana na jina hilo la utani bila kujua asili yake hudhani kwamba jenerali huyo alikuwa mtu mwembamba, na kosa hilo ni mfano mzuri wa maneno yanayofanana sura katika lugha za jamii moja huku maana zake zikiwa zimekwisha kuachana.

Biashara yaupandisha cheo wembamba

Mahali ambapo chakula ni cha taabu, unene huwa alama ya neema, na hivyo ndivyo ilivyokuwa Ulaya kwa karne nyingi kama ilivyokuwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Hali ilianza kubadilika katika karne ya 19, pale viwanda, reli na meli za mvuke zilipoliwezesha tabaka la kati la Uingereza kupata mkate, sukari na nyama bila shida, na unene ukaacha kuwa fahari ya wachache. Mwaka 1863 William Banting, mtayarishaji wa mazishi aliyekuwa amestaafu mjini London, alichapisha kijitabu kilichoeleza jinsi alivyopunguza unene wake kwa ushauri wa daktari, kwa kuacha mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Kijitabu hicho kilipendwa kiasi kwamba jina la mwandishi likageuzwa kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kujinyima ili kupungua, na Waswidi wanalitumia jina hilo kama kitenzi mpaka leo.

Katika karne ya 20 kitenzi cha Banting kilipitwa na "slim", ambalo sasa halikuwa sifa pekee bali pia tendo la kupunguza mwili kwa makusudi. Badiliko hilo la kisarufi lilikuwa na uzito wa kijamii, kwa sababu sifa hueleza jinsi mtu alivyo, lakini kitenzi humpa kazi ya kufanya, na penye kazi ya kufanya biashara hupata mlango wa kuingilia. Mwaka 1963 Jean Nidetch alianzisha mjini New York kampuni ya Weight Watchers, iliyokusanya watu kupimana uzito na kutiana moyo, na mwaka 1966 gazeti moja la London lilimtangaza msichana aliyeitwa Twiggy, jina linalomfananisha na kijiti, kuwa sura ya mwaka huo. Miaka miwili baadaye kampuni ya Philip Morris ilitoa sigara za Virginia Slims zilizolengwa kwa wanawake, na katika jina hilo wembamba wa sigara na wembamba wa mvutaji viliunganishwa kwa makusudi, huku bidhaa yenyewe ikiwa ni ile inayosababisha saratani ya mapafu. Neno ambalo Johnson alikuwa amelikataza sasa lilikuwa linauza.

Silimu

Wakati matangazo ya Ulaya na Marekani yakilipamba neno hilo, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria lilipata maana ambayo hakuna mtangazaji aliyeitarajia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mwalo wa Kasensero wilayani Rakai, kusini mwa Uganda na karibu na mpaka wa Tanzania, wavuvi, wafanyabiashara wa magendo na wanawake waliouza chakula na pombe walianza kuugua maradhi yasiyosikia dawa. Mgonjwa alishikwa na homa isiyokoma, akaharisha kwa wiki na miezi, akatokwa na utando mweupe mdomoni uliomfanya ashindwe kumeza, na mwili wake ukapukutika hadi nguo zikamning'inia kama zilizoanikwa kwenye kamba. Wapo walioamini kwamba hao walikuwa wamerogwa na watu waliowadhulumu katika biashara ya magendo, na wananchi waliokuwa wakilijua neno la Kiingereza la wembamba waliuita ugonjwa huo "slim", ambalo lilitiwa irabu kama lugha za Kibantu zinavyopenda likawa "silimu".

Tarehe 19 Oktoba 1985 jarida la kitabibu la The Lancet, linalochapishwa London, lilitoa makala ya David Serwadda, Nelson Sewankambo, Roy Mugerwa na wenzao wa Uganda na Uingereza, ambayo iliutaja ugonjwa huo kwa jina lilelile la wananchi na kuuhusisha na kirusi kilichoitwa wakati huo HTLV-III, ambacho kuanzia mwaka 1986 kinajulikana kama Virusi vya Ukimwi, kwa kifupi VVU. Ni nadra kwa jina la mwaloni kuingia moja kwa moja katika kichwa cha makala ya jarida kubwa kama hilo, na sababu yake ni kwamba wananchi walikuwa wameiona dalili kuu kwa usahihi. Mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani lilikutanisha wataalamu mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ili kupata mwongozo wa kutambua Ukimwi mahali pasipo na maabara, na dalili ya kwanza iliyowekwa ni kupungua kwa uzito wa mwili kwa zaidi ya asilimia 10, ikifuatiwa na kuharisha na homa vinavyozidi mwezi mmoja.

Ukondefu huo una sababu nyingi zinazofanya kazi pamoja. Kirusi hushambulia chembechembe za kinga, utumbo hushindwa kufyonza chakula, homa huunguza akiba ya mwili, na vidonda vya koo humnyima mgonjwa hata uji. Utafiti wa maiti uliofanyika Abidjan, Côte d'Ivoire, na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha pia kwamba kifua kikuu kilipatikana mara nyingi zaidi kwa waliokufa wakiwa wamekondeana kupita kiasi kuliko kwa wengine, jambo lililowakumbusha madaktari kwamba nyuma ya ukondefu huweza kujificha ugonjwa unaotibika.

Upande wa Tanzania, ambako wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, jina lililoenea halikuwa la wembamba, bali Juliana, jina la kitambaa cha fasheni kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, na baadaye likaja jina rasmi la UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Hata hivyo, woga uliobebwa na neno silimu ulivuka mpaka bila neno lenyewe. Kukonda, ambako tangu zamani kulimfanya jamaa aulize kwa huruma kama mtu ana shida nyumbani, kuligeuka kuwa shtaka, na aliyepungua kwa sababu ya kisukari, vidonda vya tumbo au mawazo alinyooshewa kidole pamoja na wengine. Unene, kwa upande wake, ukawa kama cheti cha afya, ingawa mtu anaweza kuishi na VVU kwa miaka mingi akiwa amenawiri.

Ukimya uliotokana na woga huo ulivunjwa na watu waliojitokeza. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, ambaye mume wake alifariki kwa Ukimwi, aliongoza kuanzishwa kwa shirika la TASO mjini Kampala ili kuwahudumia wagonjwa na familia zao, na mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya aliwatangazia Waganda kwamba alikuwa anaugua, akazunguka shuleni na makanisani kuelimisha watu hadi alipofariki mwezi Desemba mwaka huohuo. Baada ya dawa za kufubaza makali ya virusi kuanza kupatikana kwa wingi katika miaka ya 2000, wagonjwa waliokuwa wamebaki mifupa walirudi kazini wakiwa na miili yao ya kawaida, na jina la silimu likapoteza ushahidi wake, kwa sababu ugonjwa haukuonekana tena kwenye mashavu ya mtu.

Sanamaki na mizani

Kufifia kwa maana hiyo ya maradhi kumeliachia nafasi neno la biashara, ambalo leo limeenea katika miji ya Afrika Mashariki kama vile miaka ya 1980 haikuwapo. Chai nyingi zinazouzwa kwa jina hilo zina majani ya sanamaki, mmea unaojulikana vizuri na wakazi wa pwani kuwa ni dawa ya kuendesha, na kazi yake ni kuchochea utumbo mpana utoe choo na maji kwa haraka. Mnywaji hupanda mizani kesho yake akaona amepungua, lakini kilichopungua ni maji, ambayo hurudi anapokunywa, wakati mafuta yaliyo mwilini hayakuguswa, na matumizi ya muda mrefu huweza kumharibia uwiano wa chumvi za mwili, hasa potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa.

Tiba, tofauti na biashara, haitumii neno "slim" kama kipimo. Kipimo chake cha kawaida hutokana na kazi ya Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, nacho hupatikana kwa kugawa uzito wa mtu kwa kilo kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita, na Shirika la Afya Duniani huhesabu matokeo yaliyo chini ya 18.5 kuwa ni uzito pungufu kwa mtu mzima. Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 60 hupata takriban 20.8, hivyo yumo katika kiwango cha kawaida, lakini akishuka hadi kilo 53 hupata takriban 18.3 na kuwa chini ya mpaka, hata kama lebo ya suruali na marafiki zake wataendelea kumpa sifa ileile. Kipimo hicho kina upungufu wake, kwa sababu hakitofautishi misuli na mafuta, lakini angalau kinatenganisha mwili na hukumu.

Lugha hairudishwi nyuma, na hakuna sababu ya kuwataka vijana waache neno ambalo wamelizoea. Linalofaa ni kila anayelitumia ajue kwamba limewahi kusifu, kutukana na kutisha, na asikubali kulipa fedha au kujitesa kwa njaa kwa ajili ya sifa ambayo imekuwa ikibadilika kila zama. Anayetaka kupungua kwa sababu za afya aanze kwa kupima uzito wake na kuzungumza na mtaalamu wa lishe kabla ya kununua boksi la chai, na anayekonda bila kukusudia, kwa wiki kadhaa mfululizo, asisubiri maneno ya majirani wala asione haya, bali aende katika kituo cha afya kilicho karibu naye akapimwe kifua kikuu, kisukari na VVU, kwa kuwa yote matatu yana matibabu, na anayewahi hupona au huishi maisha marefu.